Simu Yenye Shikamoo Nyingi

Mjukuu wangu alinifunga uso kwa kanga yangu mwenyewe, kwenye kiti changu mwenyewe, barazani kwangu hapa Kunduchi, saa nne asubuhi, majirani wanapita wanatazama. Akanitia simu mkononi. Akasema, "Haya bibi, weka miadi ya zahanati. Sikusaidii."

Nikamwambia, "Mke mwenzangu, kama unaniua ili ubaki peke yako na babu yako, umechelewa. Babu yako alishatangulia."

"Weka miadi, bibi."

Sikuiweka. Sikufika hata karibu. Lakini kabla sijaeleza kwa nini, niseme kwanza sie ni nani na ile simu ilitaka nini kwangu.

Mie nimesoma hadi darasa la nne, kusini huko, nikaja Dar nikiwa na mimba ya mtoto wangu wa kwanza. Nimekaanga samaki hapa pwani ya Kunduchi miaka thelathini na kitu. Watu husema mie ni mkali. Sikatai. Samaki akiwa amelala, si wa leo, nilikuwa nasema amelala, hata kama anayemuuza ni shoga yangu. Mjukuu huyu nilimlea tangu yuko darasa la tatu, mama yake alipopata kazi mkoani. Alikuwa mtoto wa kuingia ndani mbio, begi huku, viatu kule. Akiingia bila kunisalimia nilikuwa namtoa nje, asimame getini, aingie tena upya na shikamoo yake. Siku nyingine aliingia mara tatu. Hili la getini nalitaja makusudi, mtaona mbele.

Akasoma, akasoma, mpaka akasomea kompyuta. Mwaka jana akapata kazi Mwenge, ofisi ya ghorofani, chini yake wanauza vinyago. Akaja kukaa na mie kwa sababu kutoka hapa hadi Mwenge si mbali. Kazi yenyewe ilikuwa ya majaribio, miezi mitatu, ndipo waamue kama wanamchukua au anarudi kuzunguka na bahasha.

Nikamuuliza mnafanya nini huko juu siku nzima. Akasema wanatengeneza programu ya simu ya zahanati. Mgonjwa yuko kwake, anafungua simu, anachagua zahanati, anachagua daktari, anapewa siku na namba yake ya foleni. Akifika haulizi nani wa mwisho.

"Nzuri," nikasema. "Sasa inawachelewesha nini?"

"Sheria, bibi."

Nikacheka. Sheria nizijuazo mie ni za kukuondoa mahali. Usikaangie hapa, meza yako imeingia barabarani, toa jiko. Sikuwahi kusikia sheria ya kumkaribisha mtu. Akanieleza taratibu, kama anavyonielezaga mambo yake, anakata vipandevipande kama anamlisha mtoto. Alisema wenye mradi wako nje, na huko kwao sheria inataka programu ya simu itumike na kila mtu. Asiyeona aitumie. Asiyesikia aitumie. Mwenye mkono unaotetemeka aitumie. Hata hapa kwetu, akasema, haki hiyo imeandikwa, ila wengi hawajaanza kuuliza. Wenye mradi hawaipokei programu mpaka ipite kwa mkaguzi, na mkaguzi mwenyewe haoni. Atakuja Alhamisi ya wiki ya mwisho ya ile miezi mitatu, ataikalia, ataitumia kwa masikio.

"Na sehemu hiyo ya masikio kapewa nani?"

Akajionyesha kifuani.

Ikapita, amepata kazi. Ikikwama, ndiye aliyeikwamisha, na miezi yake mitatu inaishia hapohapo. Hakusema hivyo kwa mdomo wake. Niliona alivyokuwa anazungusha kikombe bila kunywa.

Na kuna jingine ambalo hatukulisema. Mie nina presha ya macho. Katikati bado naona, lakini pembeni kunafunga, kama mtu anachungulia kwenye bomba, na bomba linazidi kuwa jembamba. Natia matone asubuhi na jioni. Ujumbe ukiingia kwenye simu yangu huwa nampa aliye karibu anisomee, na aliye karibu hujua mambo yangu kabla yangu. Dada yangu aliponiandikia kuhusu ugonjwa wake wa aibu, nilisomewa na muuza mihogo. Mjukuu wangu aliyajua hayo. Kwa hiyo aliponifunga kanga siku ile, alikuwa anajiandaa kwa mkaguzi, lakini alikuwa ananiandaa na mie. Nilielewa.

Basi, ile siku ya kwanza. Simu hizi zina sauti ndani yake, ukiiwasha inakusomea kila unachokigusa. Unapitisha kidole, inataja. Ukitaka kuingia, unagonga mara mbili. Nikapitisha kidole.

"Kitufe," ikasema.

Nikapitisha tena. "Kitufe." Tena. "Picha." Tena. "Kitufe. Kitufe."

Nikamwambia, "Hii inanionyesha njia kwa kusema nyumba, nyumba, nyumba."

Akaandika kwenye daftari lake. Nikafungua kanga nikaitazama kwa macho. Maandishi yake yalikuwa ya kijivu juu ya kijivu kingine, hafifu kama uji wa mgonjwa. Vitufe vidogo kama dagaa. Ikataka pia alama ya kidole ili inifungulie. Nikaweka kidole, ikakataa. Kingine, ikakataa. Miaka thelathini ya mafuta ya moto imeifuta michirizi ya vidole vyangu, hata kwenye kitambulisho walihangaika nami. Akaandika na hilo. Nikamwona amefurahi, nikashangaa mtu anafurahi vipi kazi yake ikiumbuliwa.

Baada ya siku mbili akaileta tena. Sasa maandishi meusi, vitufe vikubwa, na badala ya kidole unaweza kuweka namba ya siri. Akanifunga kanga. Sauti ikasema, "Bonyeza hapa kuchagua zahanati."

Hapo ndipo nilipofungua mdomo wangu. Nikasema, "Nani huyu anayeniamrisha? Bonyeza hapa, bonyeza pale. Hana hata shikamoo. Mtoto wa nani huyu?"

Nilikuwa natania nusu. Nusu nyingine nilimaanisha. Lakini aliyesikia alikuwa mtoto niliyemtoa nje mara tatu kwa ajili ya shikamoo. Kwake neno hilo likitoka kinywani mwangu halina utani. Hakuandika kwenye daftari. Aliitikia kwa kichwa tu, akaenda nalo Mwenge.

Aliporudi na simu, ikasema hivi: "Shikamoo bibi. Karibu. Tafadhali chagua zahanati unayoipenda."

Nikachagua. Ukurasa wa pili ukafunguka. "Shikamoo bibi. Karibu. Tafadhali chagua daktari."

Wa tatu. "Shikamoo bibi."

Nasema kweli, nilijisikia kama nimewekwa kiti cha mbele kwenye harusi. Sauti ile haikuwa yake, ni ya mashine, lakini maneno aliyaandika yeye. Mtu mzima mwenye shahada, amekaa mbele ya kompyuta, kati ya vijana wenzake wanaomcheka, anaandika shikamoo bibi kila mlango. Alinisimulia kwamba wenzake walimcheka kweli. Akawaambia, "Nyie hamjui bibi yangu."

Jumamosi nikawaita wenzangu. Sie ni kikundi cha wanawake saba, wengi tulikuwa pwani pamoja. Mmoja hasikii vizuri, mmoja mkono wake unatetemeka, mmoja kama mie macho yamechoka. Mjukuu akatuandalia chai ya tangawizi na vitumbua, akawa anamfunga mmoja mmoja kanga na kumpa simu, yeye kakaa chini mkekani na daftari.

Shoga yangu aliyekuwaga anauza pweza ndiye alianza.

"Shikamoo bibi," ikasema simu.

"Marahaba, mwanangu."

Tukacheka. Akapitisha kidole, akagonga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba."

"Si umeshaitikia?" nikamwambia.

"Imeniamkia tena, nisiitikie? Unataka ikanitangaze?"

Akaitikia kila ukurasa. Na si yeye tu, wote. Kuna mwenzetu alikuwa anaitikia na kuuliza habari za nyumbani. Wakati wanaendelea na marahaba zao, sauti ikakatiza: "Muda umekwisha. Tafadhali anza upya." Wakaanza upya. Ikaamkia. Wakaitikia. Muda ukaisha.

"Mtandao huo," akasema wa pweza, akavua kanga. "Leo mtandao uko chini. Lakini programu nzuri, mwanetu. Ina adabu. Mungu akuzidishie."

"Nzuri sana," wakasema wote. "Umetuheshimisha."

Hakuna hata mmoja aliyepata miadi. Kila mmoja akala vitumbua akasema nzuri, na mtoto yule akaandika nzuri, nzuri, nzuri, mstari kwa mstari. Ungesema nini? Mtoto wa mwenzako amekaa mkekani miguuni pako, amekukaribisha kwa mikono miwili, kazi yake ndiyo hiyo. Umwambie mbele ya bibi yake kwamba haifai?

Mie nilikuwa wa mwisho. Nikafungwa kanga, nikaamkiwa, sikuitikia maana nilishazoea. Nikachagua zahanati, nikachagua daktari, nikachagua Jumanne, nikapata namba. Mjukuu akaruka akanikumbatia na kanga usoni. "Bibi umeweza. Peke yako. Umeona?"

"Nimeona," nikasema.

Na kweli nilikuwa nimeona. Kanga ilikuwa imelegea puani. Nilikuwa nachungulia kwa chini.

Mie, niliyemwambia kila muuzaji pale pwani kwamba samaki wake amelala. Kama kuna mtu alitakiwa kusema siku ile, ni mie. Sikusema. Nilikula kitumbua changu.

Jumamosi ile ile jioni, tukiwa tunakunja mkeka, akaniambia, "Bibi, bado kitu kimoja. Nyie wote mnaona, hata kama ni kidogo. Nataka mtu asiyeona kabisa, aijaribu kabla ya Alhamisi."

Nilimjua mmoja. Anakaa Sinza, amestaafu. Alikuwa opereta wa simu kwenye ofisi moja kubwa mjini, enzi zile unapiga, anapokea mtu, anakuunganisha. Haoni tangu utotoni. Na tena ni mtani wangu, kabila lake na langu tunataniana tangu mababu. Asiyejua utani haelewi, lakini wanaojua wanajua: mtani anaweza kuja msibani kwako akalala kwenye jeneza na usimkasirikie. Alikuwaga ananunua samaki kwangu kila Jumapili, na hata sasa nikiwa nakaanga wa nyumbani tu, Jumapili bado anakuja.

Kesho yake nilimsikia getini kabla sijamwona, fimbo yake inagonga nguzo. "Hodi. Nasikia harufu ya samaki. Bado hujaoga tangu ustaafu?"

"Karibu mtani. Kaburi lako tumelichimba hapo nyuma, pita ujaribu urefu."

"Nitajaribu nikishakula."

Mjukuu akamwamkia, akamshika mkono, akamkalisha. "Wewe ndiye unayemtunza mchawi huyu?" mzee akamwuliza. "Pole. Haya, lete hiyo simu yako. Unifunge kanga?"

"Hapana babu, haina haja."

"Basi nimewashinda kwa hilo."

Akaichukua. Kwanza akaiambia isome haraka, sauti ikakimbia kama muziki wa singeli, sie hatuambulii neno, yeye katulia kama anasikiliza taarifa ya habari. Halafu nikamwona anakunja uso. Akairudisha taratibu kidogo.

"Shikamoo bibi," ikasema.

"Bibi ni nani?"

"Ni... tumeandika hivyo kwa heshima, babu," mjukuu akasema.

"Mie nina ndevu."

Akaendelea. Kila ukurasa ikamwita bibi. Akarudishwa mwanzo kwa muda kwisha, mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu ikamrudisha akiwa ameshafika kwenye siku. Akaiweka simu mkekani, akajifuta mikono.

"Mjukuu. Nikudanganye au nikwambie?"

"Niambie, babu."

"Hii si programu. Hii ni mshenga kaja kuposa. Anasalimia, anakaa, anasalimia, hasemi kilichomleta. Mie nina jino linaniuma. Nataka daktari. Mpaka huyu amalize heshima zake, mwenye macho ameshachukua namba yangu na ameshatibiwa yuko kwake anakunywa supu."

Mtoto akaangalia daftari lake. "Lakini jana wamama saba waliijaribu. Wote wakasema nzuri."

"Uliwapa nini?"

"Chai. Na vitumbua."

"Basi vitumbua vilikuwa vizuri."

Nilitaka kucheka nikashindwa. Mjukuu akanigeukia. "Bibi, lakini wewe ulifika. Ulipata miadi, nimeandika hapa. Ulifikaje?"

Samaki walikuwa jikoni wanaungua upande mmoja, nilisikia, sikunyanyuka.

"Nilichungulia," nikasema.

Mtani wangu, aliyewahi kunitukana kwenye msiba wa mume wangu mwenyewe, siku ile alisema tu kwamba samaki wanaungua. Mtoto akafunga daftari. Akanyanyuka, akaingia ndani. Tukasikia maji yanamwagika bafuni, yanamwagika muda mrefu. Siku nne zilibaki. Nilikaa pale nikawaza: mtoto huyu akikosa kazi, si mkaguzi aliyemkosesha. Ni mie na kanga yangu.

Alitoka uso umelowa. Akakaa mkekani mbele ya mzee, akafungua daftari ukurasa mpya. Hakunitazama.

"Babu, tuanze ukurasa wa kwanza. Niambie kila kitu."

Walikaa mpaka adhuhuri ikapita. Nikawaletea samaki, upande mmoja mweusi, hakuna aliyelalamika. Yule mzee akamfundisha kama alivyofundishwa yeye kwenye ule ubao wake wa kuunganishia simu. Opereta husema jina la kitu kwanza, alimwambia, kazi yake baadaye. Usiseme "Tafadhali bonyeza hapa ili uweze kuchagua daktari unayempenda." Sema "Daktari. Chagua." Mwenye haraka akisikia neno la kwanza ameshajua, anapita. Asiyejua atasubiri la pili.

"Na huu muda wa dakika moja nani aliuweka?"

"Ofisi. Ili mtu asishikilie nafasi bure."

"Sawa. Lakini kabla hujamfukuza mtu, mwulize. Bado upo? Akisema yupo, mwongeze. Mie mkono wangu ndio jicho langu, unachelewa kuliko lako."

Akaandika. Nikajitia kusema, kwa sauti ndogo ambayo si yangu, "Mie nina kimoja."

Akaandika kwanza alichokuwa anaandika. Halafu akasema, "Sema bibi."

Nikamwambia, nilipokuwa nakaanga, moshi umejaa, macho yametoa machozi, sikuwa namtazama samaki. Nilikuwa nayasikiliza mafuta. Samaki mbichi anapiga kelele kubwa, akikaribia, sauti inapungua, inakuwa nyembamba, unamgeuza. Mafuta hayakunieleza kwa sentensi. Basi hapo mtu anapopata namba yake, pasiwe na hotuba. Pawe na mlio mmoja, mfupi, halafu namba. Mtu ajue ameiva.

Mtani wangu akasema, "Mchawi leo kasema." Mtoto akaandika. Niliona mdomo wake umelegea kidogo pembeni.

Ikabaki shikamoo. Nilipigania. Nikasema ibaki walau moja, pale mlangoni. Mtani akauliza, je, mwenye simu akiwa binti wa miaka kumi na saba, programu imwamkie? Nikamwona mjukuu anasubiri niseme, kalamu mkononi, hataki kuifuta mpaka nikubali mwenyewe. Nikasema haya, andika "Karibu." Mara moja. Ukishaingia ndani hakuna anayekukaribisha tena jikoni na chumbani.

Akaikata kwa mstari ile shikamoo bibi. Iliniuma kidogo, siwezi kusema haikuniuma.

Jumatatu alitoka alfajiri na Jumanne hivyohivyo. Jumanne jioni nilikuwa natia matone yangu, kichwa nimekiinua, akaja akanishikia kope kama anavyofanyaga.

"Bibi, kwa nini ulinidanganya?"

"Kwa sababu ulikuwa unanitazama."

"Ulijuaje nakutazama, umefungwa kanga?"

"Si nimekwambia nilichungulia."

Tone likaenda shavuni, maana mkono wake ulikuwa unatikisika kwa kicheko. Akaacha kucheka, akanifuta.

"Mie sikutaka usifie, bibi. Watu wa kusifia ninao. Nilikuja kwako kwa sababu wewe husifiigi kitu."

Nilikaa macho nimefumba, dakika tano, kama daktari alivyoagiza, na dakika tano zile zilikuwa ndefu.

Alhamisi ikafika. Alivaa gauni la kijani, akanipigia magoti kidogo getini kama alipokuwa mdogo, "Shikamoo bibi," nikaitikia, nikamwambia nenda kaseme kweli. Nikabaki. Nikafagia nyuma, pale palipokuwa na jiko langu kubwa, ambapo sasa pana mawe matatu tu na majivu ya zamani. Nikafagia tena pasipo na taka. Wa pweza akapita akauliza, "Vipi, mtoto?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Ile programu nzuri sana." Nikamwambia, "Mwongo wewe. Na mie mwongo mwenzio." Akakaa nami tukafagia wote. Alikuwa ameondoka tayari simu iliponitikisikia kiunoni.

Ujumbe. Nikatazama nani wa kunisomea. Hapakuwa na mtu. Halafu nikakumbuka mtoto alishaiwasha ile sauti kwenye simu yangu. Nikapitisha kidole, nikagonga mara mbili, nikaisogeza sikioni.

"Ujumbe," ikasema. Jina la kitu kwanza. Halafu ikanisomea, kwa ile sauti yake isiyojua furaha wala huzuni: "Bibi, imepita. Mkaguzi amekuta makosa mawili madogo, nayarekebisha wiki hii. Amesema mlio wa namba ameupenda. Wamenichukua kazini. Usimwambie mtani wako kabla sijamwambia mwenyewe."

Nikaigonga tena. Ikasema tena. Nikaigonga mara ya tatu, si kwa sababu sikuelewa. Tangu macho yalipoanza kufunga, huo ulikuwa ujumbe wa kwanza ulionifikia mie kwanza. Muuza mihogo hakuujua. Nilisimama kwenye majivu yangu na ufagio, nikiwa na jambo langu peke yangu, mpaka nilipochoka kusimama nalo, nikampigia mtani. Nilishindwa kujizuia. Mjukuu alinisema siku mbili.

Wiki iliyofuata programu ikafunguliwa kwa watu wote. Ilikuwa zamu yangu ya kupimwa macho. Mjukuu alikuwa barazani anakunywa chai kabla ya kwenda Mwenge. Nikachukua kanga, nikaifunga mwenyewe, nikakaza fundo, nikaibana na puani ili pasiwe na mwanya.

"Bibi, si lazima hivyo."

"Kaa kimya. Usinitazame, kanywe chai."

Nikafungua. "Karibu." Zahanati. Daktari. Pakanisumbua kwenye siku, nikapotea, nikarudi nyuma. Ikaniuliza kama bado nipo. Nikaiambia nipo. Nikaenda tena, taratibu. Ikafika. Mlio mmoja mfupi, kisha: "Jumatano. Saa tatu asubuhi. Namba sita."

Nikavua kanga. Alikuwa ananitazama, kikombe hewani, macho yamejaa, anasubiri.

Nikamwambia, "Pale juu, kabla ya jina la daktari, kuna mahali bado inasema picha, picha tu. Picha ya nani sijui. Karekebishe."

Akaweka kikombe chini, akatoa daftari, akaandika.